Kusoma Hadithi za Anga za Mbali kwa Jicho la Imani

Kuna Wakristo wenzangu wanaoziogopa hadithi za kubuni za kisayansi, wakidhani safari za sayari nyingine zitawapunguzia imani. Kwangu imekuwa kinyume. Ni hadithi hizo zilizolifanya swali la Zaburi ya 8, "Mtu ni kitu gani hata umkumbuke," linichome moyo.

Nuru husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, na bado inayotufikia kutoka galaksi ya Andromeda imechukua miaka kama milioni 2.5 njiani. Ukikutana na takwimu hiyo katika kitabu cha sayansi, unaikubali na kufunua ukurasa. Mwandishi wa hadithi hukuingiza chomboni, akakuacha uhesabu waliozeeka nyumbani ulikotoka, na hapo ukubwa wa mbingu unakuelemea. Usiukimbie uzito huo. Weka kitabu chini, uombe ukiwa bado unausikia.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: usimsake Kristo katika kila shujaa anayekufa kwa ajili ya wenzake. Usomaji huo hugeuza hadithi kuwa fumbo lenye jibu moja, na jibu lenyewe ulikuwa nalo kabla hujaanza. Jiulize badala yake: katika kitabu hiki, anga ni nini? Ni utupu usiomjali yeyote, au ni kazi ya mikono ya Mtu?

C. S. Lewis alilijibu swali hilo mwaka 1938 katika Out of the Silent Planet. Ransom, msomi aliyetekwa na kupelekwa Mirihi, anatarajia giza na baridi ya mauti. Anakuta anga imejaa nuru inayomtia nguvu. Kisha anagundua kwamba dunia yetu ndiyo iliyonyamaza, iliyokatwa na ulimwengu mwingine kwa uasi wa mtawala wake. Sijaona namna bora ya kuieleza dhambi: sisi ndio tuliojitenga, huku wengine wakiendelea kusifu. Katika Perelandra, ya 1943, Ransom anakwenda sayari ya Zuhura, ambako mwanamke wa kwanza anajaribiwa na bado hajaanguka. Je, viumbe wasioanguka wangehitaji msalaba? Swali hilo litakurudisha kwa Wakolosai 1:17, "vitu vyote hushikana katika yeye," na utaona jinsi neno "vyote" lilivyo pana.

A Canticle for Leibowitz ya Walter M. Miller, ya 1959, ina mshangao wa namna nyingine: watawa wanaohifadhi maandishi ya sayansi wasiyoyaelewa, baada ya vita vya nyuklia. Isome kwa ajili ya uvumilivu wao.

The Sparrow ya Mary Doria Russell, ya 1996, naipenda sana, lakini usianze nayo. Padri Mjesuiti anaongozana na wenzake kuufuata wimbo uliosikika kutoka sayari nyingine, akiamini Mungu ndiye anayewaita, kisha anarudi peke yake akiwa ameumizwa mwili na imani. Kuna mateso mazito na ukatili wa kingono. Ukifika hapo, tafuta mwenzako wa kusoma naye, na msome Ayubu sura ya 38 hadi 42 pamoja, pale Mungu anapomuuliza mtu aliyevunjika kuhusu makundi ya nyota ya Kilimia na Orioni.