Pesa iende kwa maziwa ya jioni

Mmeuliza wiki hii, pesa ya serikali ya kusaidia wafugaji wa maziwa inamfikia nani? Mimi nafuga huku Kinangop, Nyandarua, ng'ombe watatu, wawili ndio wanakamuliwa sasa, kwa hivyo najibu na kile naona kila siku.

Machi 2024 serikali ilipandisha bei, New KCC, kiwanda cha maziwa cha serikali, ikaanza kununua lita kwa shilingi 50 badala ya 45, na kusema kweli tulifurahi sana. Lakini hiyo 50 ni ya kiwandani. Mimi napeleka kwa ushirika, hapo kuna usafiri unakatwa, kuna kupoza, kuna hisa, mwisho wa mwezi nikipiga hesabu yangu naona arobaini na kitu. Jirani yangu anauzia broka wa pikipiki, yeye hata hiyo arobaini na kitu haioni, na wako wengi kama yeye manake maziwa mengi ya Kenya hayapiti kiwandani kabisa, yanauzwa tu mtaani na kwa vibanda. Sasa ukiweka msaada wote kwa bei ya kiwanda huyo umemsaidia na nini?

Mbolea ya ruzuku ya 2,500 kwa gunia nayo ilinifaa, nilipanda nyasi ya nepia na mahindi ya saileji, yaani lishe ya ng'ombe ya kuhifadhi, hapo sina neno.

Kinachoniuma ni maziwa ya jioni. Gari ya ushirika inapita asubuhi peke yake. Jioni saa kumi na moja nakamua lita tisa, natia kwa mtungi, mtungi naweka ndani ya karai la maji baridi, nafunika na gunia nimelowesha, halafu usiku naamka kubadilisha maji. Asubuhi karani anafungua kifuniko ananusa, anatumbukiza laktomita kuona kama yametiwa maji, anachanganya kidogo na spiriti kwa kikombe, na mimi nimesimama hapo namwangalia mkono. Yakifanya vibonge, yaani yameanza kuharibika, basi, umerudishwa. Kiangazi ya mwaka huu nilirudishwa mara nne! Unapea ndama, unagandisha mala, unaitia majirani wachukue, lakini chakula cha gunia ng'ombe alikula siku hiyo ni deni bado liko dukani kwa jina langu, na muuza duka hataki kusikia habari ya vibonge.

Najua serikali imegawa matangi ya kupoza kwa kaunti nyingi na ni kazi nzuri. Shida tangi moja linawekwa mjini karibu na lami, mimi niko ndani, na mvua ya Aprili ikianza barabara yetu hata pikipiki inabebwa. Mahali pengine nimeona tangi jipya kabisa limekaa miezi likingoja stima, wazee wanapita wanaligusa tu. Hiyo pesa imeshatoka na hakuna lita hata moja imeokoa, hiyo inaniuma kuliko bei.

Kilomita tatu kutoka kwangu kuna kituo cha zamani cha kukusanyia maziwa, mabati bado mazima, maji yako, stima inapita juu yake. Watuwekee tangi dogo hapo na gari moja ya saa kumi na mbili jioni. Kwa njia yetu tuko boma kumi na tatu, na hakuna hata moja haikamui jioni.