Oremus ni "tuombe", videmus ni "tunaona": nitazitofautishaje?

SWALI: Najifunza Kilatini ili nielewe sala za Misa. Oremus na videmus zote zinaishia -emus, lakini naambiwa ya kwanza tu ndiyo ya hali tegemezi (umbo la kutaka au kuombea jambo, kama "tuombe"). Nitajuaje?

JIBU: Mwisho wa neno peke yake hautakuambia. Tafuta kwanza umbo la "ku-" la kitenzi hicho.

Orare, "kuomba", ni wa mnyambuliko (yaani kundi la vitenzi vya Kilatini) wa kwanza. Irabu yake ni a: oramus, "tunaomba". Katika hali tegemezi a hiyo hugeuka e: orem, ores, oret, oremus, oretis, orent. Videre ni wa mnyambuliko wa pili, na e tayari ni yake, kwa hiyo videmus ni taarifa ya kawaida. Ukitaka "tuone", unaongeza a: videamus.

Minyambuliko iliyobaki nayo huchukua a: regat (atawale), capiat (achukue), audiat (asikie). Ndiyo maana makaburini huandikwa requiescat in pace, "apumzike kwa amani", kutoka requiescere, mnyambuliko wa tatu.

Sisi Waswahili tunaizoea haraka orat kuwa oret, kwa sababu nasi husema "anaomba", "aombe". Lakini mazoea hayohayo hutuponza kwenye mnyambuliko wa tatu. Mwanafunzi anataka "atawale", anaandika reget. Hiyo ni "atatawala", wakati ujao! Regam nayo ni "nitatawala" au "nitawale"; hapo sentensi nzima ndiyo itakayoamua.

Sum, "mimi ni" (sim, sis, sit, simus, sitis, sint), possum, "naweza" (possim) na volo, "nataka" (velim) zikariri tu, hazifuati njia hii.

Kwa mazoezi, hakuna kifungu kizuri kama Pater Noster (sala ya Baba Yetu), maana tafsiri yake unaijua kwa moyo. Sanctificetur, "litukuzwe", inatoka sanctificare: a imekuwa e, na -tur ni alama ya kutendwa. Adveniat, "ufike", ni ya advenire, mnyambuliko wa nne. Fiat, "lifanyike", ni ya fieri.

Ukinunua kamusi, chagua inayoweka mstari juu ya irabu ndefu. Vidēre na regere zote zinaishia -ere, na mstari huo ndio unaokuonyesha ipi ni ya pili na ipi ya tatu.