Maswali na majibu: Kano ya goti inapokatika katika umri wa makamo

Nina umri wa miaka 44 na nachezea timu ya maveterani. Jumapili niligeuka ghafla na mpira, goti likalia "ta", na kabla ya magharibi lilikuwa limevimba. Eksirei haikuonyesha kasoro. Nirudi uwanjani?

Usirudi. Eksirei huonyesha mifupa, si kano, na goti linalolia hivyo kisha likavimba ndani ya saa chache aghalabu limejaa damu kwa sababu kano ya mbele, ile inayoandikwa ACL katika vyeti vya hospitali, imekatika. Daktari wa mifupa atakulaza chali, alikunje goti kidogo na kuuvuta muundi kuja mbele, huku akilinganisha na mguu mzima; kipimo cha picha cha MRI kitaonyesha pia iwapo gegedu, ule mto laini ulio kati ya mifupa ya goti, limechanika. Goti likikwama lisiweze kunyooka, usingoje uvimbe upungue ndipo uende.

Je, upasuaji ni lazima, au kwa umri huu nimeshachelewa?

Umri peke yake si kizuizi. Mwanasoka Zlatan Ibrahimović alipasuliwa goti Mei 2022 akiwa na miaka 40, akarejea dimbani Februari 2023, ingawa yeye hakuwa na ofisi ya kuwahi asubuhi. La kupima kwanza ni kazi unayotaka goti lifanye. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2010, ambao washiriki wake 121 walikuwa vijana wanaopenda michezo, ulionyesha kwamba walioanza na mazoezi tiba na kuuweka upasuaji akiba walikuwa, baada ya miaka 2, na hali sawa na waliopasuliwa mapema, na zaidi ya nusu yao walikuwa bado hawajapasuliwa. Ikiwa vijana waliweza kungoja, sioni kwa nini mtu wa makamo aharakishwe. Anayetosheka na kukimbia barabarani au kuendesha baiskeli anaweza kuishi vizuri bila kano hiyo. Lakini ambaye goti linamlegea ghafla hata akishuka ngazi, baada ya miezi kadhaa ya mazoezi ya dhati, azungumze na daktari kuhusu upasuaji, kwa kuwa kila likilegea huliumiza gegedu.

Mtaani kwetu yupo mkandaji hodari. Anaweza kuiunga?

Hawezi, na kuchua kwa nguvu siku za mwanzo huongeza uvimbe. Tumia barafu iliyofungwa katika kitambaa, na uinue mguu.

Mimi nami nilipasuliwa kano hiyo miezi 5 iliyopita na sisikii maumivu. Nicheze bonanza la mwezi ujao?

Hapana. Kano uliyopandikizwa huchukua miezi mingi kukomaa, na maumivu huisha mapema kuliko hapo. Wataalamu wengi hawaruhusu michezo ya kugeuka ghafla kabla ya miezi 9, na hata ikitimia hutaka misuli ya paja ifikie angalau asilimia 90 ya nguvu za mguu wa pili, tena uweze kuruka kwa mguu mmoja na kutua bila goti kuingia ndani. Chukua tepu ya fundi cherehani uyapime mapaja yote mawili: likiwa moja bado jembamba, una kazi ya kufanya.

Na kuogelea?

Ruhusa, kidonda kikishafunga vizuri na daktari akiridhia, isipokuwa mtindo wa chura, ambao teke lake hulipinda goti kwa upande.