Mkataba wako unasemaje?

Miaka yote niliyoandika safu ya maisha ya ofisini gazetini, barua nyingi za wasomaji zimekuwa za bosi: ananinunia, anawapendelea wa kwao. Zamani niliwajibu kwa maneno ya kuwatia moyo. Siku hizi nauliza kwanza, mkataba wako unasemaje? Wengi wanakuwa hawajawahi kuushika.

Siwacheki. Kazi yangu ya kwanza, Dar es Salaam, nilifanya miezi 14 bila mkataba. Hati ya mshahara ilionyesha nakatwa asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nami nikatulia tuli. Nilipoacha kazi nikaenda kuulizia michango yangu, nikakuta imefika ya miezi mitatu tu.

Kwa hiyo wewe uliyeanza kazi juzi, ulizia mkataba mapema, ukiwa bado unapendwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira yako kwa maandishi. Angalia saa: kawaida hazizidi 45 kwa wiki, na muda wa ziada hulipwa mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28, sikukuu zikiwa humohumo, usije ukagombana na afisa utumishi bure.

Namna ya kuomba nayo ni kazi. Usiombe mbele ya watu, wala usianze na “haki zangu”. Ingia ofisini kwa afisa utumishi kazi zikiwa zimepungua, “Shikamoo dada, naomba nakala ya mkataba nikaiweke nyumbani.” Ukizungushwa, andika barua pepe fupi ya adabu. Tarehe yake itakufaa. Michango ya NSSF usingoje uache kazi kama mimi. Iulizie kila baada ya miezi michache.

Barua zinazoniuma ni za walioachishwa. Mtu ananiandikia miezi minne baada ya kuachishwa, kumbe malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30. Ukipitiliza, unaanza kwa kuomba kukubaliwa kuchelewa. Na aliyefanya kazi chini ya miezi 6 hana kinga ileile ya sheria dhidi ya kuachishwa isivyo haki, kwa hiyo miezi hiyo usiitumie kupimana ubavu na mtu.

Bosi anayenuna? Msalimie kila asubuhi, aitikie asiitikie. Kwa hilo sijapata dawa nyingine.