Jibu: Asili ya banjo
Ndugu, umeuliza iwapo banjo, ala ya nyuzi inayokaribiana na gitaa, ni ya Wazungu wa milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani. Asili yake ni Afrika Magharibi: watumwa waliofikishwa Karibi na Marekani waliiunda kwa kibuyu kilichowambwa ngozi, na uzi wake mfupi unaopigwa kwa dole gumba unafanana na ule wa akonting, ala ya nyuzi ya kabila la Wajola wa Senegal na Gambia. Wazungu waliipeleka majukwaani katika karne ya 19, wengi wakiwa wamejipaka masizi usoni ili kuwadhihaki Weusi. Kisha, miaka ya 1920, kampuni za santuri zikaugawa muziki wa Kusini mwa Marekani kwa rangi ya ngozi, na hapo ndipo, kwa maoni yangu, usahaulifu wa asili hiyo ya Kiafrika ulipokomaa. Hata Bill Monroe, baba wa blugrasi (muziki wa Kimarekani wa ala za nyuzi, banjo ikiwemo), alikiri kuathiriwa na Arnold Shultz, mpiga gitaa Mweusi wa Kentucky.