Jibu: Lamineti jikoni, Kisumu

Dada, umeuliza kama lamineti, zile mbao nyembamba za kutandika sakafuni, itadumu jikoni mwako mwa futi 8 kwa 7 hapo Kisumu, juu ya sakafu ya simenti. Inaweza, ila adui yako ni maji, si miguu ya watu. Ndani ya kila ubao kuna nyuzi za mbao zilizoshindiliwa. Zikinywa maji, kingo huvimba na hazirudi tena.

Kwa hiyo anza na simenti yenyewe. Kata kipande cha nailoni, kibandike sakafuni kwa selotepu pande zote nne, kikae siku nzima. Ukikuta matone chini yake, au simenti imegeuka nyeusi, usitandike chochote bado. Hata ikiwa kavu, tandaza nailoni nzito, kisha foamu, ndipo mbao.

Maboksi ya mbao yalaze humo jikoni saa 48 kabla ya kazi. Acha nafasi ya milimita 8 hadi 10 kando ya kuta zote; skatingi, ule ubao wa chini ya ukuta, itaificha. Mafundi wengine hubana mbao hadi ukutani ili ionekane kazi safi, halafu mvua zikianza na hewa ikijaa unyevu, sakafu inainuka katikati. Hapo msimamie fundi wako kabisa.

Makabati mazito yasikalie mbao. Mbele ya sinki, ziba ile nafasi kwa silikoni. Na kama nyumbani kwenu sakafu huoshwa kwa kumwaga ndoo, mimi ningenunua vigae tu.