Miaka sita bila mbio, narudije?

SWALI: Shikamoo anko, nilikua nashindana baiskeli za milimani, nikaoa, nikaacha miaka sita, juzi nimejaribu kupanda mlima wa Uyole kwenda Isyonje hapa Mbeya nikashuka nikakokota kama nimebeba gunia la viazi. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba kijana, pole ila umenichekesha. Mbeya mjini tu tupo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, alafu we unaanza na Isyonje! Mwezi wa kwanza tafuta tambarare, siku tatu kwa wiki, mwendo ambao unaweza kupiga stori bila kuhema, milima baadae na kwa gia nyepesi, maana pumzi inarudi haraka ila magoti na kano zinachelewa, hapo ndo wengi wanaumia. Baiskeli nayo ipeleke kwa fundi, tairi zikikaa sana zinapasukapasuka, na kama breki ni za mafuta amwage aweke mapya, ule mteremko wa kurudi Uyole haujaribiwi.